Wakongwe wa Mbio Ndefu Wasikae Bure

Msafiri apitaye barabara ya kutoka Kidatu kwenda Ifakara saa za alfajiri, afikapo Sanje, chini ya milima ya Udzungwa, hukutana na watu wa baiskeli. Huyu amefunga gunia la mpunga, yule mikungu ya ndizi, wa tatu kuni, na wa nne amempakia mgonjwa anayepelekwa zahanati. Baiskeli zao ni nzito, za gia moja. Barabara ni ndefu, na jua la bonde la Kilombero halimwonei mtu huruma. Hata hivyo hufika. Huteremsha mizigo, hunywa maji, hurudi walikotoka, na kesho yake huianza tena safari ile ile. Hakuna awapigiaye makofi, wala wao hawayatazamii.

Twaanza na watu hawa kwa sababu leo twataka kusema neno juu ya pumzi na ustahimilivu, yaani ile nguvu ya kwenda mbali bila kuvunjika. Wengi hudhani kwamba nguvu hiyo ni zawadi waliyopewa watu wa nyanda za juu peke yao, na kwamba sisi wengine kazi yetu ni kutazama. Fikira hiyo si kweli. Wakata miwa wa Kilombero, wakulima wa mpunga na wapakiaji wa baiskeli wanayo pumzi tele. Wasichokuwa nacho ni mtu wa kuwaonyesha jinsi pumzi hiyo inavyopimwa, inavyotunzwa na inavyokuzwa. Na mtu huyo, mara nyingi, ni yule aliyekwisha kuipita njia hiyo kwa miguu yake mwenyewe.

Katika misitu iliyo juu ya Sanje yuko mnyama wa jamii ya nyani aitwaye mangabei wa Sanje. Wataalamu wa dunia walimtambua mwaka 1979, na ikawa habari kubwa, kwa maana hapatikani mahali pengine popote ila katika milima hii ya Udzungwa. Lakini mnyama huyo hakuzaliwa mwaka 1979. Alikuwapo siku zote, na wenyeji walikuwa wakiisikia sauti yake tangu mababu. Ilihitajika tu mtu mwenye sikio lililozoezwa asimame, asikilize, na aulize. Twaogopa kwamba wako vijana wengi katika vijiji vyetu ambao hali yao ni kama ya mnyama yule kabla ya mwaka 1979. Sauti yao inasikika kila siku, na hakuna asimamaye kuisikiliza.

JIRANI WA KAPSISIYWA

Tutazame kwanza kwa jirani zetu wa Kenya, ambao katika jambo hili wametutangulia. Katika kijiji cha Kapsisiywa, nchi ya Wanandi, alizaliwa mkimbiaji aitwaye Patrick Sang. Alishindana katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mwaka 1991, katika mashindano ya dunia ya Tokyo, alipata medali ya fedha. Mwaka 1992, katika Olimpiki ya Barcelona, alipata fedha tena. Mwaka 1993, katika mashindano ya dunia ya Stuttgart, ikawa fedha mara ya tatu. Dhahabu ya dunia au ya Olimpiki hakuipata kamwe.

Mtu mwingine angalirudi nyumbani akae barazani, asimulie habari za Barcelona hadi wajukuu wachoke kuzisikia. Sang hakufanya hivyo. Kijana mmoja wa kijijini kwao, mtoto wa mwalimu wa shule ya watoto wadogo, alimwendea kumwomba mpango wa mazoezi. Sang akampa mpango wa majuma mawili. Kijana akaenda, akautimiza, akarudi kuomba mwingine. Kijana huyo ni Eliud Kipchoge. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, alishinda mbio za mita 5,000 katika mashindano ya dunia ya Paris. Baadaye akachukua dhahabu ya marathoni katika Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, na tena katika Olimpiki ya Tokyo iliyokimbiwa mwaka 2021. Ile dhahabu ambayo mwalimu hakuipata, mwanafunzi aliileta nyumbani mara mbili.

Lakini yafaa tuangalie sana jinsi safari ile ilivyokwenda. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2003, na marathoni yake ya kwanza aliikimbia Hamburg mwaka 2013. Katikati ni miaka 10 mizima. Ni nani angalimzuia kijana mwenye njaa ya ushindi asiziendee fedha za marathoni kwa miaka yote hiyo, kama si mtu ambaye mwenyewe aliijua gharama ya kufanya haraka? Hapo ndipo tunapoona kazi ya mkongwe. Miguu ya kijana ni yake mwenyewe, lakini saa ya kuitumia huonyeshwa na mwalimu.

MEDALI MBILI TU

Sasa turudi nyumbani. Taifa letu halikukosa wakimbiaji wakubwa. Mwaka 1968, katika mji wa Mexico, John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alianguka njiani katika marathoni ya Olimpiki akaumia vibaya goti. Alifungwa bendeji akaendelea, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana ya kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, wala si kuzianza tu. Jibu hilo limekwenda duniani kote, na hata leo lafundishwa katika nchi ambazo hazijui Mbulu iko wapi.

Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka uliofuata, huko Kingston, Jamaika, akavunja na ile ya maili moja. Mwaka 1980, katika Olimpiki ya Moscow, alipata medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Gidamis Shahanga alichukua dhahabu ya marathoni katika michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Juma Ikangaa alimaliza wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na mwaka 1989 akashinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1.

Hiyo ni fahari. Lakini fahari ina hesabu yake, na yatupasa tuifanye bila kuogopa. Zile medali mbili za Moscow ndizo medali mbili tu ambazo Tanzania ilikuwa nazo katika Olimpiki zote mpaka ilipokwisha Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Moscow alikuwa na miaka 44 Olimpiki ya Paris ilipomalizika, na katika maisha yake yote hakupata kusikia habari ya medali nyingine.

Je, pumzi ilikwisha nchini? Hata kidogo. Ushahidi ni Alphonce Simbu wa Singida. Tarehe 15 Septemba 2025, katika mashindano ya dunia ya Tokyo, alikimbia kilomita 42 na zaidi, na mwisho akamshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Watu walishangilia barabarani, na ni haki. Lakini wachache walikumbuka kwamba Simbu alikuwa wa tano Rio mwaka 2016, akapata shaba London mwaka 2017, akawa wa saba katika Olimpiki iliyokimbiwa mwaka 2021, akapata fedha Birmingham mwaka 2022, akawa wa 17 Paris mwaka 2024, na wa pili Boston mwezi Aprili 2025. Kutoka Rio mpaka dhahabu ya Tokyo ni miaka tisa. Reli ya TAZARA ipitayo bonde hili la Kilombero, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilitandikwa taruma baada ya taruma kati ya mwaka 1970 na 1975. Mwili wa mkimbiaji hujengwa vivyo hivyo. Arukaye mataruma kumi ili awahi kufika, gari-moshi lake litaanguka.

Twasadiki kwamba kilichopungua katika miaka ile mirefu kati ya Moscow na Tokyo ni mkono wa kupokezana. Mashujaa wetu walifanya walichoweza. Bayi alijenga shule Kibaha na kulitumikia shirika la Olimpiki la nchi kwa miaka mingi. Nyambui alitumikia uongozi wa riadha, kisha akaenda kufundisha Brunei. Ikangaa amesimama mstari wa mbele katika kuwainua wasichana kwa mashindano ya wanawake yaliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2017. Lakini watu watatu au wanne hawawezi kuifundisha nchi nzima. Nyuma ya kila jina kubwa wamo makumi ya wengine, waliokimbilia jeshi, polisi, magereza, reli, viwanda na shule, ambao hawakufika Olimpiki lakini wanaijua njia. Wengi wao wamekaa bure.

ELIMU YA KUJIZUIA

Labda msomaji atauliza, Mkongwe huyo atafundisha nini hasa? Kukimbia si ni kukimbia tu? Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha habari yetu.

Jambo la kwanza ni kwenda polepole. Kijana asiye na mwalimu hudhani kwamba mazoezi ni vita, na kila siku hurudi nyumbani akitapika. Mkongwe anajua kwamba sehemu kubwa ya mazoezi ya mbio ndefu hufanywa kwa mwendo ambao mtu aweza kuzungumza na mwenziwe njiani. Siku za kukaza ni chache, nazo hufuatwa na siku za kupumzika, kwa kuwa mwili hauongezeki nguvu wakati wa kazi. Huongezeka wakati wa usingizi na chakula baada ya kazi. Mkata miwa ashindaye kutwa shambani akaambiwa akimbie kilomita 20 jioni hafundishwi, anavunjwa. Mwalimu mwema huanza kwa kumwuliza amelala saa ngapi, amekula nini, na leo amekata miwa kiasi gani.

Jambo la pili ni kugawa nguvu. Katika marathoni, akiba ya sukari iliyo mwilini huanza kwisha karibu na kilomita ya 30. Aliyetumia nguvu zake katika kilomita 10 za kwanza, mbele ya macho ya watu, hapo ndipo miguu humkataa. Wahenga walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mkongwe hahitaji kuusoma ukweli huu kitabuni, kwa maana amekwisha kukaa kando ya barabara akiwatazama wenzake wakimpita.

Jambo la tatu ni kuijua nchi unayokimbilia. Iten, ile shule kuu ya wakimbiaji wa Kenya, iko juu kiasi cha mita 2,400, kwenye hewa haba na baridi. Sanje iko chini, kwenye joto na unyevu. Mpango wa Iten ukinakiliwa hapa neno kwa neno utaua watu. Mwalimu wa bondeni atawaamsha vijana kabla ya jua, atawafundisha kunywa maji kidogo kidogo na mara kwa mara, tena atawaonya kwamba hata maji matupu kupita kiasi, bila chumvi, ni hatari. Lakini kwa kuwa hifadhi ya Udzungwa iko jirani, na tembo hushuka mashambani usiku, hatamwacha kijana akimbie peke yake gizani kando ya msitu. Watakwenda kwa kundi, kwa njia inayojulikana. Na kijana atakapokuwa tayari, yeye ndiye atakayesema kwamba sasa apelekwe nyanda za juu, Arusha au Mbulu, akamalizie masomo.

Tena iko malaria. Ifakara yajulikana duniani kwa utafiti wa ugonjwa huo, kazi iliyotokana na maabara ndogo ya Waswisi. Wenyeji wa bonde hili hawahitaji kuambiwa homa ni nini. Hata hivyo wako vijana ambao, homa ikipungua tu, huacha dawa nusu na kurudi kwenye mazoezi makali siku ya tatu, kwa kuogopa kuachwa nyuma na wenzao. Mwalimu mwenye busara humwambia kijana amalize dawa zote, aanze kwa kutembea, na asione haya. Mbio zilizokosekana mwezi mmoja hupatikana, lakini mwili ulioharibiwa hauna duka linalouuza.

La mwisho, na pengine lililo kubwa kuliko yote, ni kusema ukweli. Siku hizi mashindano ya barabarani yako kila mahali, na zawadi zake zinamtamanisha mtu maskini. Kijana wa miaka 19 anaweza kukimbia marathoni tatu katika miezi michache kwa ajili ya fedha, na akifika miaka 24 akawa mzee. Watakuja pia watu wa maneno matamu, wengine na mikataba isiyosomeka, wengine na vidonge na sindano. Kenya imeona wanariadha wengi wakifungiwa kwa ajili ya dawa zilizokatazwa, na aibu ile imewaangukia hata walio safi. Nani atamwambia kijana wa Sanje kwamba asitie sahihi karatasi hii, na asimeze kidonge kile? Baba yake hajui. Mwalimu wake wa hesabu hajui. Ajuaye ni yule aliyekuwako.

BAISKELI ZA KILOMBERO

Tumesema juu ya miguu. Tuseme sasa juu ya baiskeli, kwa maana bonde la Kilombero ni nchi ya baiskeli kabla ya kuwa nchi ya kitu kingine chochote.

Nje kidogo ya Nairobi, upande wa Kikuyu, mpanda baiskeli wa Kenya aitwaye David Kinjah alikuwa akiwakusanya vijana wa kijijini katika nyumba yake ndogo. Aliwafundisha kuendesha, na aliwafundisha pia kutengeneza baiskeli kwa mikono yao, kwa kuwa asiyejua kuziba pancha hawezi kwenda mbali. Katika vijana wale alikuwamo mmoja mzaliwa wa Nairobi, mwana wa wazazi wa asili ya Kiingereza, aitwaye Chris Froome. Froome huyo alikuja kushinda mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Masomo yake ya kwanza ya milima aliyapata nyuma ya gurudumu la Kinjah.

Rwanda nayo imekwenda mbele. Adrien Niyonshuti, aliyeiwakilisha nchi yake katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London ya mwaka 2012, hakungoja kuzeeka. Alianzisha chuo cha vijana Rwamagana ili wengine wapate alichokipata. Na mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Nchi ndogo, yenye vilima vingi na watu wanaopakia mizigo kwa baiskeli kama wetu, iliikaribisha dunia.

Mtu wa baiskeli wa Kilombero ana mengi ya kufaidi kutoka kwa mkongwe, hata kama hatashindana kamwe. Wangapi huugua magoti kwa sababu tandiko la baiskeli liko chini mno? Mkongwe atalipandisha hata goti liwe limekunjwa kidogo tu pedali ifikapo chini kabisa, na maumivu ya miaka miwili huenda yakaondoka kwa spana moja. Atamwonyesha namna ya kufunga mzigo usimvute nyuma, na namna ya kupanda mlima kwa pumzi inayolingana badala ya kuushambulia kwa hasira. Elimu ya michezo ikimfikia mfanyakazi katika kazi yake ya kila siku, si anasa tena.

Uko pia mchezo mgeni zaidi uitwao triathloni, ambao ndani yake mtu huogelea, hupanda baiskeli, kisha hukimbia, vyote kwa mfululizo. Umo katika Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000: kuogelea mita 1,500, baiskeli kilomita 40, mbio kilomita 10. Baiskeli na mbio Kilombero inaviweza. Kuogelea ndiko kwenye mashaka, maana mto Kilombero una wenyeji wake, kiboko na mamba, ambao hawajapata kuheshimu mwamuzi wala filimbi. Mchezo huu na ungoje mabwawa salama ya kuogelea. Hatutaki shujaa wetu wa kwanza akumbukwe kwa namna hiyo.

SI KILA BINGWA NI MWALIMU

Ni lazima tuseme na upande wa pili, ili tusije tukawadanganya wasomaji. Si kila aliyekimbia vizuri aweza kufundisha. Wako mabingwa ambao hawajui walifanya nini hata wakashinda. Wako wengine wanaotaka kila kijana awe mfano wao, na asipokuwa hivyo humwona mvivu. Yale yaliyomfaa mkongwe mwaka 1985 huenda leo yamekwisha kuthibitika kuwa makosa.

Na kwa upande mwingine yuko Bruda Colm O'Connell, Mwairishi aliyekwenda Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya Mtakatifu Patrick. Yeye hakuwa bingwa wa mbio. Lakini alitazama kwa makini, aliuliza, aliandika, na alikaa. Kutoka mkononi mwake alitokea David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Mfano huu wamfundisha mkongwe unyenyekevu. Jicho na subira vyaweza kumfikisha mwalimu mbali hata asipokuwa na medali, lakini medali bila jicho wala subira haimfikishi popote.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kila mzee mwenye medali apewe watoto. Twasema kwamba mkongwe mwenye moyo wa kufundisha apelekwe masomoni, ajifunze elimu ya mwili, ya chakula na ya majeraha, kisha aunganishe elimu hiyo na yale aliyoyaonja. Gervais Hakizimana wa Rwanda alikuwa mkimbiaji wa kawaida kwa kipimo cha dunia. Alipokuwa akifanya mazoezi katika vilima vya Kenya, watoto wa pale walikuwa wakimfuata nyuma kwa michezo. Mmoja wa watoto hao alikuwa Kelvin Kiptum. Hakizimana akawa mwalimu wake, na tarehe 8 Oktoba 2023, huko Chicago, Kiptum alikimbia marathoni kwa saa 2 na sekunde 35, rekodi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia. Tarehe 11 Februari 2024 mwalimu na mwanafunzi walikufa pamoja katika ajali ya gari. Tunawakumbuka kwa huzuni. Lakini tukumbuke pia kwamba yote yalianza kwa mtu mzima mmoja ambaye hakuwafukuza watoto waliomfuata njiani.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Yatupasa nini, basi? Hatuhitaji kungoja fedha nyingi wala wageni.

Kwanza, kila kata iwatafute wakongwe wake. Katika Sanje, Mang'ula, Kidatu, Kiberege na Ifakara hawakosi askari wastaafu, walimu wa zamani, watu wa reli na wa kiwanda cha sukari waliokimbia mashindano ya kazini na ya Mei Mosi. Waandikwe majina. Waulizwe kama wako tayari. Wengi hawakukataa kufundisha, hawakuombwa.

Pili, wakongwe hao waunganishwe na shule. Tunayo michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Mara nyingi vijana wetu huokotwa majuma mawili kabla ya mashindano, hukimbizwa mpaka wachoke, kisha huachwa mpaka mwaka ujao. Huko ni kuvuna bila kulima. Mkongwe akikaa na watoto siku tatu kila juma, mwaka mzima, kwa mwendo wa polepole, tutaona tofauti katika miaka mitano. Hatutaiona katika miezi mitano, na asiyekuwa na subira hiyo asianze.

Tatu, wasichana wasisahauliwe. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Wako wengi kama yeye ambao wamebeba ndoo za maji vichwani tangu utotoni na ambao pumzi yao haijapimwa na mtu. Waliopata kukimbia miongoni mwa mama zetu na waitwe wawe walimu, ili mzazi amtoe bintiye mazoezini kwa moyo mweupe.

Nne, mwalimu alipwe. Si haki kumwita mtu shujaa wa taifa siku ya sikukuu, na siku iliyofuata kumtaka afundishe bila nauli. Waajiri wakubwa wa bonde hili, vyama vya wafanyakazi na halmashauri wanaweza kutenga kidogo. Tena kijana akishinda zawadi, iwe desturi iliyoandikwa waziwazi kwamba sehemu fulani ni ya mwalimu, bila ugomvi wala siri.

Maporomoko ya Sanje huanguka kiasi cha mita 170, na maji yake hayajapata kukauka kwa kungoja kusifiwa. Hushuka, huingia bondeni, hunywesha mpunga na miwa. Elimu ya mtu aliyekimbia maisha yake yote nayo yapaswa kushuka hivyo, kutoka kwa aliye juu kwa umri hadi kwa mtoto aliye chini, wakati mkongwe angali na sauti ya kuhesabu na macho ya kuitazama saa. Wengi wa kizazi cha Mexico na Moscow wamekwisha kuwa wazee. Kila mmoja wao azikwapo bila kumfundisha mtu, tunazika shule pamoja naye. Basi ndugu msomaji, kama katika mtaa wako yuko mtu wa namna hiyo, usimngoje mwenyekiti wala usimngoje waziri. Nenda kesho asubuhi ukamwombe, na uende na mtoto wako.